Mayo kwa Kiingereza

Mwanangu Tsuma,

Sasa hivi ulikuwa umesimama uani kando ya kamba ya nguo, simu sikioni, ukizungumza na Bi Wanjiru, huyo mkubwa wako mpya wa Nairobi. Nikatoa kichwa mlangoni nikakuita kama ninavyokuita siku zote, "Mwanangu, chai inapoa!" Ukaifunika simu kwa kiganja, lakini alikuwa ameshanisikia. Nikakusikia ukimwambia, "Hapana, madam, huyo ni dada yangu. Ndiye mkubwa, basi ananiita hivyo kwa mapenzi tu." Kisha ukacheka, kile kicheko chako kifupi cha kuonyesha kwamba mambo ni sawa.

Ukaja ukaketi, ukashika kikombe bila kunywa. Nikakuuliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku ya mahojiano," ukasema. "Waliniuliza kwa nini alama zangu ni ndogo. Nikawaambia ukweli, kwamba Mayo aliugua, nikawa nakwenda na kurudi kumwuguza, kisha akafariki."

"Ukawaambia kwa lugha gani?"

"Kwa Kiingereza."

"Na Mayo kwa Kiingereza ni nani?"

Ukatazama chai. "Ni mama."

"Na Dada?"

"Ni dada."

Basi. Nyanyako Mayo akapata neno lake, Dada akapata lake. Mama ndiye aliyekosa pa kukaa.

Umeniambia Bi Wanjiru yuko likizo hapa Diani, na kesho alfajiri anaporudi Nairobi utapanda gari lake. Jioni hii anapita hapa Ukunda kuijua nyumba, asije akapotea gizani. Tena ukaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba anataka kumsalimu dada aliyemlea yatima. Nikasema aje, mgeni njoo mwenyeji apone. Ukatoka kwenda kununua soda na kumngoja pale barabarani. Nami nimepasua karatasi katika daftari lako la zamani nikae niandike, maana kwa mdomo nitalia, na sitaki ubebe machozi yangu pamoja na mizigo.

Sikuandikii habari za neti ya mbu wala za kula kwa wakati. Hayo utayajua tumbo likikuuma. Nataka kukuandikia habari za hilo neno, dada, kwa sababu si wewe uliyelitunga. Mimi ndiye niliyekufundisha.

Wajua nilikuzaa nikiwa darasa la nane, mwenyewe mtoto. Babako alikuwa utingo wa lori lililoharibika pale kwetu Samburu, kwenye barabara ya Nairobi, yeye na dereva wakakaa wakingoja kipuri kutoka Mombasa. Kipuri kikaja, lori likapona, likaondoka. Hiyo ndiyo hadithi yote, hakuna kipande nilichokuficha. Mayo hakunipiga. Alinikalisha akasema, "Mtoto ni wetu. Wewe nyonyesha, mengine niachie." Kwa sababu ulinisikia mimi nikimwita Mayo, nawe ukamwita Mayo, na mimi ukaniita Mama. Ulikuwa na mama wawili, mmoja kwa Kiduruma, mmoja kwa Kiswahili, wala hukuwa ukiwachanganya.

Ulipoanza kutembea nikaja Diani kutafuta kazi. Msimamizi wa dobi pale hotelini aliniuliza swali moja tu: "Una mtoto? Wenye watoto kila siku ni ruhusa, ruhusa." Nikasema, "Sina." Neno dogo, Tsuma. Hata mdomo halijazi. Nilidhani nitalisema mara moja kisha litakwisha, kama mtu anavyovuka barabara.

Siku moja Mayo akakuleta unione. Ulikuwa na shati la vifungo viwili, na viatu umevivaa kinyume. Uliponiona nimevaa sare pale geti la wafanyakazi ukamponyoka Mayo mkononi, ukaja mbio, "Mama! Mama!" Na msimamizi amesimama papo hapo na rundo lake la funguo.

"Mbeyu, huyu nani?"

"Mdogo wangu, madam. Kitinda mimba wa mama."

Mayo alisikia. Alinitazama tu, akafunga leso yake upya, ingawa haikuwa imelegea.

Nikakuchukua nyuma ya matangi ya maji, nikachuchumaa mbele yako. Nilikuwa na mahamri ndani ya karatasi. Nikakwambia, "Ukija huku niite Dada. Haya, sema Dada." Ukasema, "Mama." Nikakunyima. "Sema Dada." Ukayatazama mahamri, ukanitazama mimi, ukasema, "Dada." Nikakupa kipande. Tena. Kipande. Yalipokwisha ulikuwa umeshika somo, na tulipopita mbele ya msimamizi ukasema bila kuulizwa, "Kwaheri, Dada," kwa adabu kabisa, na makombo mdomoni. Watu wanaosema wewe si mwepesi wa kujifunza hawakukuona siku ile.

Nilikuwa nataka uliseme kule Diani tu. Lakini mtoto hana neno la kazini na neno la nyumbani. Nilipokuja Samburu sikukuu ulinipokea njiani, "Dada amekuja! Dada amekuja!" Mayo akaniambia, "Neno si leso, Mbeyu, ulifunge kwa wageni ulifungue nyumbani."

Kisha ukapata ile homa. Sijawahi kukusimulia upande wangu. Nilipigiwa simu kwamba umelazwa, huna fahamu. Nikaenda kwa msimamizi nikamwambia mdogo wangu yuko hospitali. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Aliniuliza vizuri, "Si ana mama yake?" Nikasema, "Anaye." Akasema, "Basi mama yake atamwangalia. Rudi kwenye pasi."

Nikarudi. Nikapiga pasi mashuka ya watu waliokuja kuota jua. Ningesema nini? Uongo ule ulikuwa umenipa kazi, sasa ulikuwa umesimama mlangoni unanizuia kutoka. Mayo ndiye aliyekushika mkono ulipozinduka. Ndiyo maana sikumwonea wivu hata siku moja. Alifika mahali ambapo mimi nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe.

Baadaye nilihamia hoteli nyingine, hawakuuliza mambo ya watoto, nikawa sina tena sababu ya kukuficha. Lakini ulikuwa umeshakuwa mkubwa. Nilikwambia, "Niite Mama sasa," ukaona haya kama mtu aliyeitwa kucheza ngoma asiyoijua. Nikakuacha.

Ulipoingia chuo kikuu Mayo akaanza kuugua. Hukuniambia jinsi ulivyokuwa ukikwea basi kila wiki, unashuka Samburu, unamgeuza kitandani, unarudi darasani umelala. Kitu nilichokijua ni siku ile uliponipigia simu ukasema, "Dada, nimepata supu tatu." Nami nikafurahi! Nikasema, "Mungu ashukuriwe, na supu ni dawa. Ya mbuzi?" Kisha ukacheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine. Kumbe chuoni supu ni mtihani uliouanguka ukaambiwa uurudie. Ningejuaje? Mimi nilikuwa nimekaa hapa nimeshiba kwa supu zako.

Mayo akatutoka. Wakati wa matanga, mjomba wako Beja anasoma dua upande huu, shangazi zangu wanaimba za kanisani upande ule, hakuna anayemzuia mwenzake, nilikuwa nimejibanza nyuma ya jiko. Ukaja na sahani, ukachuchumaa mbele yangu. Ukasema, "Mama, umekula?"

Hukuona ajabu yoyote. Ulisema kama mtu anayeendelea na mazungumzo. Nilikula wali wote ule, Tsuma, na ulikuwa na chumvi nyingi.

Tangu hapo nimekuwa Mama. Si miaka mingi. Nilikuwa bado nalizoea hilo neno.

Mwaka wa mwisho ukaja na habari za hii kazi. Benki ya uwekezaji. Nikakuuliza tawi lake hapa Ukunda liko wapi, ukasema haina tawi, haina dirisha, haina foleni, wala hakuna mtu anayekwenda kuweka pesa. "Benki gani hiyo?" Ukavuta kiti ukanieleza kwa subira: mtu ana kampuni anataka kuiuza, mwingine anatafuta ya kununua, hawajuani, hawaaminiani, ninyi mnakaa katikati mnaipima kampuni ina thamani gani, mnawakutanisha mpaka watie saini.

"Kumbe ni udalali!"

"Ni udalali, Mama," ukasema, "lakini wa kuvaa suti."

Nikaipenda hapo hapo, kwa sababu udalali tunaujua. Lakini zile kampuni kubwa hazikukutazama hata uso. Ulinionyesha, kompyuta inauliza alama kabla haijauliza jina, ukijaza zako inakushukuru na kujifunga. Nilisikia kila neno la jirani yetu Mama Brayo alipokwambia pale bombani, "Wewe Tsuma, hiyo job ni ya wasee wa A. Na hizo C zako utaingilia wapi, dirishani?" Ukamjibu, "Hata dirishani nitabisha hodi kwanza, Mama Brayo." Akacheka mpaka ndoo ikamwagika. Lakini ukija ndani ulikuwa unalala ukiuelekea ukuta.

Mjomba Beja ndiye aliyekufungulia njia. Unakumbuka tulikwenda kumsalimu, ukamlalamikia habari za alama, naye ametoka mnadani ananuka ng'ombe? Akakwambia, "Mimi nikileta ng'ombe mwenye jicho moja, nalitaja jicho kabla mnunuzi hajafungua mdomo. Kilema nikikitaja mimi, bei inapungua kidogo. Akikigundua yeye, hanunui, na kesho hata mzima wangu hamtaki."

Ukarudi ukaandika barua mpya kwa kampuni ndogo ndogo, na mstari wa kwanza kabisa ukaweka alama zako, zote, na zile supu. Mimi nilidhani umepata wazimu. Wengi hawakujibu. Bi Wanjiru akajibu. Ulinisomea kwa sauti: ulikuwa wa kwanza kumwambia kabla hajauliza, basi naye atakupa kampuni moja uipime, aone. Ukakesha na kompyuta ya kuazima. Akairudisha imejaa wekundu wa masahihisho. Ukaipima tena, ikarudi tena. Ya tatu akasema njoo Nairobi ukutane na wenzangu. Tulirukaruka chumba hiki chote mpaka Mama Brayo akagonga ukuta, na alipoambiwa akaruka naye huko huko kwake.

Ndiyo maana leo moyo wangu umevunjika mahali nisipopatarajia. Laiti ungekuwa mwongo ningelia kidogo, nikazoea. Lakini wewe uliingia kwa kutaja kilema chako. Alama ulizitaja mstari wa kwanza, na mimi hukunitaja hata wa mwisho.

Sina hasira nawe. Nimejaribu kuitafuta tangu ulipotoka, sijaipata. Najua ilivyokuwa. Watu wazima nyuma ya meza, wewe na suti ya kuazima, wakauliza kwa nini. Ukaenda kutafuta neno la Mayo kwa Kiingereza ukalikuta moja tu. Uliposema amefariki nyuso zao zikalegea, si ndiyo? Huruma ya watu ina joto, mwanangu. Mtu akishafunikwa ni vigumu kujifunua aseme, ngojeni kidogo, ninaye mwingine. Mimi huko nakujua, nilikutangulia.

Lakini mimi najua pia kinachofuata, na wewe hujakijua. Hawatakuuliza leo. Watakuuliza siku unayonihitaji. Nitaugua siku moja, sote huugua, utakwenda kwa Bi Wanjiru kuomba ruhusa, naye atakutazama vizuri, kama msimamizi alivyonitazama mimi, akuulize, "Si dada ana watu wengine wa kumwangalia?" Utasema nini? Na siku nitakapokufa utaombaje ruhusa ya kuja kunizika? Msiba wangu umeshautumia.

Nimeyaandika haya nikayasoma tena, nikaona ni makali. Sikuyafuta. Nisamehe.

Kuna na jambo la kesho. Njia yenu inapita Samburu, kandokando ya mnada. Kama mjomba Beja yuko barabarani na akakuona garini, ataita kwa ile sauti yake ya mnadani, "Mwana wa Mbeyu! Mwana wa Mbeyu huyo!" Hajui kuita kwa siri. Utamwambia Bi Wanjiru Mbeyu ni nani? Nami natamani awepo, na tena natamani asiwepo. Na siku nyingine ukipita pale tunapokatia kwenda kwa Mayo, usimame au usisimame, lakini ndani ya moyo wako mwambie, "Mayo, nilikutumia kupata kazi." Hatakasirika. Atafunga leso yake upya, basi.

Unajua ninachokitumainia? Kwamba wewe si mimi. Mimi nilikuwa na darasa la nane na tumbo lililokuwa limekwisha kusemwa kijiji kizima, sikujua kwamba mtu anaweza kurudi kwa msimamizi akasema, "Nilikosea, yule ni mwanangu." Sikujua kama kuna watu husema hivyo na dunia ikabaki mahali pake. Wewe umesoma. Wewe ulirudishiwa kazi imejaa wekundu ukaisahihisha, ukarudishiwa, ukaisahihisha. Huyo mwanamke alikuchukua si kwa sababu hukukosea. Alikuchukua kwa sababu ulirudi.

Basi nimeamua hivi. Sitakuaibisha mbele yake. Mkifika hapo mlangoni utaniita nitoke nimsalimu, nami nitakuwa huyo utakayemwita. Ukiita Mama, nitatoka na sinia, nitamwambia karibu, mimi ndiye mamake, aliyefariki ni nyanyake, tumezaliwa na maneno mengi kuliko Kiingereza. Atashangaa, kisha tutacheka, nina yakini kama tutacheka, sauti yake simuni ni ya mtu mwema. Ukiita Dada, nitajua kwamba bado huna nguvu. Nitatoka nikiwa dada. Wewe uliniita hivyo mbele ya msimamizi utoto wako wote, hukukosea hata mara moja, ili mimi nisifukuzwe. Nitashindwaje mimi jioni moja?

Karatasi hii nitaikunja niitie ndani ya kiatu chako cheusi, mle hutafika mpaka siku ya kwanza ya kazi. Kama utakuwa umeniita Mama, icheke uitupe. Kama

Gari hilo. Nasikia mlango wake, nasikia na chupa za soda zikigongana mkononi mwako. Bi Wanjiru anasema uani pana upepo mzuri. Unakohoa. Najua unavyokohoa ukiwa unatafuta neno.

"Dada! Dada, mgeni amefika!"

Haya. Nimesikia. Naja, mdogo wangu, naja, nafuta uso tu. Na siku utakapofika hapa ukisoma, ujue kwamba nilitoka nikitabasamu, na kwamba nilimwambia karibu sana, na kwamba mimi